Vuli mbili chini ya paa moja: uchambuzi wa kisa cha kanisa la mtaani Ohio

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea kati ya Septemba na Novemba mwaka 2023, katika kanisa dogo la matofali lililoko kwenye kona ya mtaa mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, ambamo makusanyiko mawili ya Wakristo yanatumia jengo moja bila kuwa kanisa moja. Kusanyiko la kwanza ni la wenyeji, Wamarekani ambao wengi wao wamestaafu, nao ndio wenye hati ya jengo. Wanaabudu kwa Kiingereza kuanzia saa nne na nusu asubuhi. La pili ni ushirika wa Waswahili, jina ambalo wenyeji walitupa nasi tukalipokea, ingawa wengi wetu ni Wakongo wa Fizi, Uvira na Baraka waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, pamoja na familia chache za Burundi na sisi Watanzania watatu. Ibada yetu huanza saa saba mchana. Mimi ni mkalimani wa ushirika huo, na kwa sababu hiyo nilikuwamo katika kila kikao nitakachokitaja, na baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu mwenyewe. Ninawaandikia hasa wachungaji, wazee wa kanisa na wakalimani wanaoishi katika hali kama hii, kwa maana ni wengi, na mara nyingi kila mmoja hudhani yuko peke yake.

Wenyeji wana desturi ya kupanga shughuli za majira haya mapema, na mwaka ule waliamua kwamba programu nzima iwe ya makusanyiko yote mawili. Kulikuwa na chakula cha jioni cha pamoja tarehe 30 Septemba, usiku wa peremende kwa watoto tarehe 31 Oktoba, Jumapili ya Watakatifu Wote tarehe 5 Novemba, siku ya kukusanya majani uwanjani, ukusanyaji wa vyakula vya makopo kwa ajili ya kabati la chakula la mtaa, na ibada ya shukrani usiku wa kuamkia sikukuu ya kitaifa ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba. Waliniletea karatasi ya rangi ya chungwa, yenye picha ya maboga na majani makavu, wakaniomba niitafsiri. Juu kabisa niliandika: Shughuli za Vuli.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Fizi, aliisoma karatasi ile mbele yangu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, vuli ndiyo nini?" Nikamjibu kwamba kwetu Kagera vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka, mvua za kupandia. Akaitazama tena karatasi, akasema, "Basi hawa wanasherehekea kupanda?" Nilicheka, nikamwambia ni neno tu la kamusi, nikaenda zangu. Leo ninaamini kwamba swali lile lilikuwa ndiyo mlango wa kisa kizima, na kwamba mimi nilipita pembeni yake. Vuli ya kamusi ni majira ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini ambapo siku hufupika, sakitu huanguka usiku, na miti humwaga majani. Vuli ya mtu wa Afrika ya Mashariki ni mawingu, udongo laini na mbegu. Kwa aliyelima Kigoma au upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Oktoba ni mwezi wa kutazama mbingu, majembe yakitiwa mipini mipya na chakula cha ghalani kikielekea ukingoni. Sikukuu ya mavuno anaijua vizuri, lakini anaijua mazao yakiwa yamekwisha kuingia ndani. Kumwambia mtu huyo mwezi wa Oktoba aje kushukuru kwa mavuno ni kumwomba ashukuru kwa kalenda ya shamba la mtu mwingine, na hilo linawezekana, ila sharti kwanza mwenye shamba amwoneshe shamba lenyewe.

Kabla sijaendelea, inafaa msomaji aelewe kwamba ushirika wetu wenyewe ni mkutano wa makanisa mengi. Mkongo wa Kivu akiulizwa anasali wapi mara nyingi hujibu kwa namba: huyu ni wa ya Tano, yaani CELPA, yule ni wa ya Nane, yaani CEPAC, yote mawili makanisa ya Kipentekoste, namba zilizotokana na mwavuli wa Kanisa la Kristo Kongo ulioundwa mwaka 1970. Kwetu wamo wa Tano na wa Nane, wamo Wamethodisti Huru, na mimi nililelewa katika usharika wa Kilutheri. Tulikwisha kuvumiliana katika mambo ya ubatizo, ya mikesha na ya urefu wa maombi. Hatukuwa watu wasiojua ushirika. Nalisema hili kwa sababu baadhi ya wenyeji walidhani tatizo lilikuwa kwamba sisi tumezoea kujitenga.

Chakula cha Septemba kilipita salama, na kwa mtazamo wa juu juu kilifana. Wenyeji walipika mchuzi mzito wa maharage na nyama ya kusaga, sisi tukaleta sombe, yaani kisamvu, wali na ndagala, yaani dagaa, kila mtu akashukuru kwa sauti, kisha wenyeji wakaketi meza za upande wa dirisha na sisi meza za upande wa jiko. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Baada ya wiki moja karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa friji ikiomba kwamba vyakula vyenye harufu kali visipashwe moto katika jiko la kanisa, na ingawa haikutaja ndagala, kila mama aliyeisoma kwa msaada wa mtoto wake alijua ni yeye anayesemwa. Hatukuuliza nani aliiandika.

Lililofuata lilikuwa baridi. Kuanzia katikati ya Oktoba joto la ndani lilihitajika, na asubuhi wenyeji waliabudu katika ukumbi uliopashwa vizuri, lakini ilipofika saa nane mchana sisi tulikuwa tumevaa makoti ndani ya ibada na mpiga kinanda wetu akipuliza vidole. Nilikitazama mara moja kile kifaa cha ukutani kinachoongoza joto, kikisoma nyuzi 58 za Fahrenheit, ambazo ni kama 14 za Selsiasi. Minong'ono ilianza kwamba wenyeji wanatuzimia moto wakiondoka. Wazee wetu waliijadili habari hiyo Jumapili mbili mfululizo, wakakubaliana kuvumilia na kuomba, na mimi niliyekuwa na namba ya simu ya mlezi wa jengo sikumpigia. Nilijiambia kwamba mgeni halalamikii kitanda. Kifaa kile, kama tulivyokuja kujua baadaye, kilikuwa kimetegwa miaka mingi kabla hatujafika, kishushe joto kila Jumapili saa sita na nusu mchana ili kuokoa gesi, na hakuna mwenyeji hata mmoja aliyekuwa akikikumbuka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kubaki ndani ya jengo saa hizo.

Tarehe 31 Oktoba iliangukia Jumanne. Usiku huo, uitwao Halloween, watoto wa Marekani huvaa mavazi ya kila namna na kupita nyumba kwa nyumba wakipewa peremende, na makanisa mengi yamebuni njia yao ya kuufanya usiku huo kuwa salama zaidi: washirika huegesha magari kwenye uwanja wa kanisa, hufungua mabuti, huyapamba, na watoto hupita gari kwa gari. Wenyeji wetu walipanga magari 14. Kwao huu ulikuwa ndio usiku wa kufungua mikono kwa mtaa, na kwa namna ya pekee walikuwa wakiwatazamia watoto wetu. Bibi mmoja, ambaye nitamtaja tena, alikuwa amepata orodha ya majina ya shule ya Jumapili na kujaza mifuko midogo ya karatasi, kila mfuko na jina la mtoto limeandikwa kwa mkono, na chini ya jina amebandika nyota. Niliiona mifuko hiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni ikiwa imepangwa ndani ya buti la gari lake kwa mpangilio wa herufi.

Watoto wetu hawakuja. Walikuja vijana wawili tu, wakasimama dakika kumi, wakaondoka. Jumapili iliyotangulia mmoja wa wazee wetu alikuwa amesimama katika matangazo na kuonya kwamba mifupa, vinyago vya kutisha na mavazi ya wachawi si mchezo kwa mtu aliyeokoka. Msomaji asiharakishe kumwona mzee huyo kuwa mtu wa giza. Katika nchi alikotoka, watoto wameshitakiwa uchawi na kufukuzwa majumbani kwao, na mtu aliyeyaona hayo hawezi kumvika mjukuu wake kofia ya mchawi akacheka. Yeye alikuwa akiwalinda watoto. Bibi naye alikuwa akiwapenda watoto. Na kati ya hao wawili nilikuwapo mimi, kwa sababu wiki mbili kabla, baraza la wenyeji lilipowauliza wazee wetu kama watawaleta watoto, walijibu, "Tutaona, Mungu akipenda," nami nikatafsiri neno kwa neno, huku nikijua, kama ajuavyo kila msomaji wa makala hii, kwamba jibu hilo kwa sauti ile lilikuwa hapana ya adabu. Wenyeji walilisikia kuwa ni ndiyo ya watu wa imani. Mkalimani anayetafsiri maneno na kuiacha maana mlangoni amewanyima pande zote mbili haki yao, na kosa hili nalihesabu kuwa kubwa kuliko lile la neno vuli.

Laiti tungezungumza, pengine tungepata njia. Tarehe hiyohiyo Walutheri huikumbuka kuwa siku ya Matengenezo ya Kanisa, kwa ajili ya hoja za Martin Luther za Wittenberg mwaka 1517, na usiku wenyewe ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote ambayo Wakristo wa Magharibi huiadhimisha tarehe 1 Novemba. Lakini tulinyamaza, na Jumatano asubuhi wenyeji walikuwa wameumia kwa namna ambayo watu wazee huumia, bila kusema.

Sasa nafika Jumapili ya tarehe 5 Novemba, ambayo inahitaji kuelezwa taratibu. Marekani saa hurudishwa nyuma kwa saa moja Jumapili ya kwanza ya Novemba, na makanisa mengi ya Kiprotestanti huadhimisha Watakatifu Wote Jumapili hiyohiyo ya kwanza, kwa hiyo mambo haya mawili hukutana kila mwaka. Ushirika wetu tayari una taabu ya saa: Wakongo husoma saa kama Wazungu, Watanzania tunaanza kuhesabu kuanzia mapambazuko, hivi kwamba saa saba yangu ya mchana ni saa moja ya ndugu yangu wa Uvira, na ndiyo maana matangazo yetu huandikwa kwa tarakimu za simu. Siku ile kosa halikutoka hapo. Dereva wa basi letu dogo aliifuata saa iliyo kwenye dashibodi ya gari, ambayo haikurudishwa, akawapigia honi akina mama wazee saa moja kabla ya wakati. Mama mmoja alitoka mbio akidhani amechelewa, kilemba mkononi. Wakashushwa kanisani saa tano na nusu badala ya saa sita na nusu, ibada ya wenyeji ikiwa haijaisha. Nje kulikuwa na baridi. Wakaingia, akina mama tisa, wakaketi benchi la mwisho.

Nilikuwapo kwa sababu nilikuwa na kikao na baraza mara baada ya ibada. Nilihamia benchi lao nikaanza kuwatafsiria kwa kunong'ona. Wenyeji walikuwa wanasoma majina ya wapendwa wao waliofariki mwaka ule. Yalikuwa saba. Kwa kila jina mzee mmoja wa miaka themanini na kitu aligonga kengele ndogo ya shaba, na mshumaa mmoja uliwashwa juu ya meza. Jina la saba lilipokwisha, mchungaji wao alisema kama desturi ilivyo kwamba aliye na jina lingine moyoni alitaje kwa sauti. Nilitafsiri sentensi hiyo bila kuwaza. Mama mmoja akasimama.

Hakuniuliza mimi wala hakumwangalia mtu. Alitaja jina la kwanza pamoja na jina la baba wa huyo mtu, akanyamaza. Mzee alikuwa amekwisha kuiweka kengele chini, akaiinua, akaigonga. Mama akataja jina la pili. Mzee akagonga. Alipofika jina la tano niliona mkono wa mzee ukitetemeka, kwa sababu kengele ile ni ya kushikwa juu, lakini hakuibadilisha mkono wala hakuharakisha. Majina yalikuwa 11. Manne kati ya hayo yalikuwa ya watoto wake. Alipoketi akasimama mwingine, na baada yake mwingine. Mishumaa ilikuwa imenunuliwa saba na yote ilikuwa imewashwa. Yule bibi wa mifuko ya peremende akatoka kwenye benchi lake, akashuka jikoni, akarudi na boksi la mishumaa midogo yenye vikombe vya karatasi, ile inayohifadhiwa kwa ajili ya ibada ya mkesha wa Krismasi, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuisimamisha, mwanamume mmoja akaleta ndoo ya mchanga inayowekwa mlangoni kwa ajili ya barafu ya ngazini. Bibi akapiga magoti kwenye zulia, akawa anachomeka mshumaa mmoja mmoja mchangani. Jambo hilo lilichukua zaidi ya dakika ishirini. Hakuna aliyetoka.

Mchungaji wetu alipofika aliwakuta akina mama wakiwa na macho mekundu, na ndoo ya mchanga ikiwaka mbele ya madhabahu. Alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole lakini kwa wasiwasi wa kweli, "Mwalimu, wamewaombea wafu?" Swali lake lilikuwa halali, maana katika mafundisho yetu jambo hilo halikubaliwi. Nilimweleza kwamba wametajwa na Mungu ameshukuriwa kwa ajili yao, basi. Alikaa kimya kitambo, kisha mchana ule akaacha mahubiri aliyoyaandaa na kusoma Waebrania 12, habari ya wingu kubwa la mashahidi.

Hapa ndipo uchambuzi unapopaswa kuuliza kwa nini jambo ambalo halikupangwa lilifanya kile ambacho programu nzima ilishindwa kufanya. Mzee mmoja wa kwetu anashikilia kwamba ni huzuni iliyotuunganisha, na kwamba huzuni haipangiwi ratiba. Nakubaliana naye nusu. Lakini nikiyatazama matukio yote kwa mfuatano, naona jambo jingine, ambalo wahenga wetu walilisema waziwazi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa katika jengo lile mwaka wa nne, na hatujapewa jembe. Kila shughuli ya majira yale ilipangwa ili sisi tupokee: tulishwe, watoto wetu wapewe peremende, familia zetu zipewe vyakula vya makopo. Wenyeji walifanya hivyo kwa upendo, na walichoka kwa upendo huo. Nasi, kusema kweli, tulikuwa tumeuzoea ugeni, kwa sababu mgeni ana raha zake: haulizwi bili ya gesi, halaumiwi majani yakijaa uwanjani, na asipotaka kitu husema Mungu akipenda akabaki nyumbani. Mgeni pia halalamiki, na kulalamika kwa haki ni sehemu ya ushirika. Tarehe 5 Novemba hapakuwa na mtoaji na mpokeaji. Mama alileta vyake mwenyewe, vizito kuliko mtu yeyote alivyotarajia, na wenyeji wakalazimika kufanya kazi ili kuvipokea: kugonga kengele kwa mkono uliochoka, kufungua boksi la Krismasi kabla ya wakati wake, kupiga magoti.

Ushahidi wangu ni yaliyofuata. Kikao cha tarehe 12 Novemba kilifanyika jikoni, kwa sababu ukumbi ulikuwa na watoto wa mazoezi ya kwaya, na nadhani mahali penyewe palisaidia. Mama Mchungaji wetu aliuliza kuhusu baridi, moja kwa moja, na safari hii nilitafsiri maana. Mlezi wa jengo alishangaa, akapanda ngazi, akarudi baada ya dakika mbili akiwa ameshika uso. Kisha akina mama wakauliza kuhusu maboga yaliyokuwa yamepangwa kwenye ngazi za kanisa tangu Oktoba. Liliwauma muda wote ule: chakula kizima kimewekwa nje kama mapambo, kinasubiri kuoza. Wakaambiwa wachukue. Waliyapika, wakayaleta mezani, na hukumu yao ilikuwa kwamba aina ile ya boga la kuchonga ina maji mengi na nyuzinyuzi, haifikii boga la nyumbani, lakini haistahili kutupwa. Karatasi ya kwenye friji iliondolewa siku hiyo. Sikumwona aliyeiondoa.

Ndipo ikaja habari ya majani. Uwanja wa kanisa una mialoni mitatu mikubwa, na wenyeji walikuwa wakijadiliana kumlipa mtu wa kuyakusanya, kwa kuwa migongo yao haikuruhusu tena. Kijana wetu mmoja akauliza kwa nini hawakutuambia. Wakajibu kwamba hawakutaka kutusumbua, kwa maana sisi ni wageni wao. Nilipolitafsiri jibu hilo, chumba kizima cha Waswahili kiliguna kwa pamoja, na wenyeji wakataka kujua kwa nini. Nikawatafsiria ile methali ya jembe. Mzee wa kengele aliomba niirudie.

Jumamosi ya tarehe 18 Novemba tulikuwa watu zaidi ya arobaini na reki tisa. Waliokosa reki walikokota majani kwa maturubai, na akina mama wawili walifungua vitenge vyao vya ziada wakabeba mafungu mgongoni kama wabebavyo kuni. Katika miji mingi ya huku majani husogezwa ukingoni mwa barabara ili gari la manispaa liyabebe, lakini mzee wa Fizi alisimama mbele ya rundo akiuliza ni nani anayetupa mbolea. Ikaamuliwa kwamba nusu ibaki nyuma ya kanisa, kwenye kipande cha ardhi kilichokuwa kikiota nyasi tu, ili yaoze. Wakati wa chai, ambayo kwa wenyeji ilikuwa maji ya tufaha yaliyochemshwa na mdalasini, meza za dirisha na meza za jiko zilichanganyika, kwa sababu watu waliketi na yule waliyekuwa wanashika naye turubai.

Ibada ya shukrani ya tarehe 22 Novemba sitaieleza yote. Wenyeji walitusimulia historia ya sikukuu yao, jinsi Abraham Lincoln alivyoitangaza mwaka 1863 katikati ya vita vya wao kwa wao, na watu wetu walilisikiliza hilo kwa makini sana, maana kushukuru katikati ya vita ni jambo wanalolijua. Mimi nilipendekeza tufanye mnada baada ya ibada kama tufanyavyo katika sharika za Tanzania siku ya mavuno. Baadhi ya wenyeji waliona vigumu kuuza vitu kanisani, tukaufanya ukumbi wa chini. Pai ya tufaha, viazi, kilo mbili za maharage na fungu moja la sukuma wiki iliyovumilia sakitu katika bustani ya mama mmoja. Mzee wa kengele aliinunua sukuma ile, akaelezwa kwamba kwa desturi anaweza kumzawadia mtu, akampa yule mama wa majina 11. Mama akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akairudisha mezani iuzwe tena. Iliuzwa mara nne. Fedha zilikwenda kwenye kabati la chakula la mtaa, zikiwa mchango wa makusanyiko yote mawili.

Si kila kitu kilitengenezeka. Usiku wa peremende wa mwaka 2024 ulisogezwa hadi Jumamosi, ukawa hauna vinyago vya kutisha, na bado karibu nusu ya familia zetu hazikuja. Tofauti ni kwamba safari hii mzee alikwenda mwenyewe kwa baraza na kusema hapana kwa kinywa chake, akaeleza sababu, akasikilizwa. Bili ya gesi tunachangia sasa, na kiasi cha mchango kinajadiliwa kwa ugumu kila robo mwaka. Vijana wetu wanazidi kupenda ibada ya asubuhi ya Kiingereza, jambo ambalo wenyeji wanalifurahia na wazazi wanaliogopa, nami sioni jibu lake jepesi. Majina ya marehemu husomwa sasa katika ibada ya pamoja, na orodha hukusanywa mapema ili mishumaa itoshe.

Yale majani nyuma ya kanisa yaligeuka kuwa mboji, na kipande kile kikawa bustani. Oktoba ya mwaka 2024 bibi wa mifuko alimwita mzee wa Fizi akamwonesha kikapu cha vitunguu saumu, akamweleza, nami nikitafsiri, kwamba huku kitunguu saumu hupandwa majira haya, kabla ardhi haijaganda, hulala chini ya theluji na kuvunwa katikati ya mwaka. Mzee alichukua punje moja akaigeuza kidoleni kutazama ncha yake. "Kwa hiyo wanapanda," akaniambia. Nikamjibu kwamba ndiyo, mzee, wanapanda. Akakunja suruali, akauliza mstari unaanzia wapi.